Wakuu, kijijini kwetu hatujasomewa mapato na matumizi mwaka mzima, tuanzie wapi?

MkulimaWaUfuta:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu maana mwenzenu nimechoka kuongelea hili jambo kijiweni tu. Kijiji chetu kina gulio kila Jumamosi na ushuru unakusanywa, kuna vibanda sita vya kijiji vinalipiwa kodi, halafu mwaka jana kila kaya ilichanga elfu kumi ya kumalizia zahanati. Hiyo zahanati mpaka leo imeishia kwenye lenta, mbuzi wanalala mle ndani. Mara ya mwisho kusomewa mapato na matumizi ni kabla ya msimu uliopita, na hata siku hiyo mtendaji alisoma karatasi moja haraka haraka, jumla tu, zimeingia kadhaa zimetoka kadhaa, mzee mmoja akanyoosha mkono kuuliza mchanga ulikuja tripu ngapi akaambiwa muda umeisha. Ukimfuata mwenyekiti anakwambia muulize mtendaji, mtendaji naye anasema mwenyekiti ndo hajaitisha mkutano. Sitaki fujo na sitaki nionekane natumwa na chama fulani, nataka kujua elfu kumi ya mama yangu imeenda wapi, aliuza kuku wawili kuipata.

BiMjumbe:
Pole sana mdogo wangu. Nimekuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji miaka mitano kwahiyo hayo unayosema nayajua kwa karibu. Kwanza mjue nguvu yenu iko wapi. Sheria yetu ya Tanzania ya serikali za mitaa ya 1982 (ile ya mamlaka za wilaya) inasema mkutano mkuu wa kijiji ndo wenye kauli ya mwisho kwa mambo ya kijiji, na wajumbe wake ni nyie wote mnaoishi hapo mliofikisha miaka 18. Unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti ndo anaitisha, mtendaji ni katibu, kwahiyo hilo la kurushiana mpira msilikubali. Na kuna tofauti hapo, mwenyekiti mlimpigia kura wenyewe Novemba 2024, mtendaji ameajiriwa na halmashauri ya wilaya, kwahiyo mtendaji akigoma barua yenu inapita kwa mtendaji wa kata kwenda kwa mkurugenzi.

Pili, acheni kuuliza "hela ziko wapi". Swali hilo linajibiwa kwa maneno na maneno hayaishi. Ulizeni karatasi. Kitabu cha stakabadhi za gulio, taarifa ya benki ya akaunti ya kijiji, na muhtasari wa kikao kilichopitisha matumizi. Mimi niliwekwa kamati ya mapokezi tulipojenga madarasa mawili. Ikaja gari ya sementi jioni, karatasi imeandikwa mifuko 120, dereva ana haraka anasema mama saini mvua inakuja. Nikamwambia tunahesabu. Tukahesabu na tochi ya simu, mfuko mmoja mmoja, tukapata 96. Nikaandika 96 kwenye ile karatasi nikasaini hapohapo, kesho yake 24 ikaletwa na hakuna aliyeniuliza kitu. Siku zote nawaza ningesaini 120 ile mifuko ingeshakuwa nyumba ya mtu, na mimi ndo ningekuwa nimeiba kwa maandishi.

Mtendaji_Kijijini:
Naomba nami nisikike maana kazi hii ndo naifanya. Wapo wenzangu wanaokula hela za wananchi, siwatetei, hao wafike Takukuru, wale wa kuzuia rushwa, na namba ni 113, kupiga ni bure. Ila wananchi nanyi muwe wakweli. Nimeitisha mkutano mara ngapi wakaja watu thelathini kijiji cha watu elfu mbili na zaidi? Mnaahirisha, mnaitisha tena, wanakuja wale wale wazee na wamama wa vikoba. Msibani watu wanajaa mpaka barabarani, kwenye mkutano wa hela zao hawaonekani. Halafu ukibandika taarifa ubaoni kesho yake imechanwa. Kwahiyo ndugu yangu kabla hujaandika barua pita vitongojini hamasisha watu, mkija mia tatu hata mtendaji mkaidi atatoa kitabu, yaani hana pa kupitia.

BiMjumbe:
@Mtendaji_Kijijini nakubali ila watu hawaji kwasababu wakija hawajibiwi, huyo mzee wa tripu za mchanga unadhani atarudi?

Mtendaji_Kijijini:
Hilo dada nakubali, hatarudi.

Mwanapwani254:
Salamu kutoka Kilifi, Kenya. Sisi huku tuna ibara ya 35 ya katiba ya 2010, mwananchi ana haki ya kupata habari zilizo kwa serikali, na sheria ya 2016 inawapa maofisa siku 21 wakujibu, wakikunyima unaenda kwa Ombudsman, ile ofisi ya malalamiko ya wananchi. Kuna shida nyingi bado lakini barua yenye muhuri wa kupokelewa inaogopwa sana, nimeona mwenyewe kwa mambo ya basari wadi yetu. Nyinyi hamna kitu kama hiyo?

BiMjumbe:
Ipo ndugu yangu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, nayo ya 2016, kwetu ni siku 30 na maombi ni kwa maandishi. Wengi hawaijui kabisa, hata maofisini. MkulimaWaUfuta andikeni nakala mbili, moja waache ofisini, ya pili wagonge muhuri na tarehe mbaki nayo. Msisaini mtu mmoja, atatafutwa yeye. Saini hata arobaini, kila kitongoji kiwemo.

MkulimaWaUfuta:
Asanteni sana wakuu, sikujua kabisa kama muhtasari naweza kuuomba. Jana usiku tumekaa watu tisa kwa mama, tumenunua kaunta buku, tumeanza kuandika kaya moja moja nani alichanga na nani ana risiti. Mpaka sasa kaya 61 zimesema zimechanga na risiti tumeziona 14 tu, waliobaki wanasema waliandikwa kwenye daftari la balozi wa nyumba kumi. Kesho tunaenda kitongoji cha pili. Swali moja limebaki, wasio na risiti kabisa kama mama yangu tuwaandike kwenye barua au tuwaache kwanza?

BiMjumbe:
Waandikeni wote, pembeni wekeni "hakupewa risiti". Na hilo daftari la balozi ombeni mlipige picha kurasa zote kabla barua haijafika ofisini.