Tupeane uzoefu: mbio za barabarani hapa Goma, nani kasimamia, nani kakimbia?

Mwanzilishi

Jambo yenu wote. Vita imetutawanya, wengine mnasoma haya mkiwa Kampala, Nairobi au Bukavu, lakini najua humu mna watu wengi waliokimbia au kusimamia mbio za barabarani Goma: kilomita 10, nusu marathoni, hata zile za kartie, yaani za mtaani, zinazoishia kwenye uwanja wa shule. Nazungumzia mbio za kushindana. Matembezi ya afya yenye fulana na muziki ni mazuri, tutayapa siku yake. Leo nataka kusikia habari za mtu anayetaka kujua nani kamshinda nani, na kwa muda gani.

Naanza mwenyewe. Niko upande wa kusimamia, na kwangu jambo la kwanza ni urefu wa njia. Kulikuwa na mbio hapa mjini zilizotangazwa kuwa za kilomita 10. Kijana mmoja wa jirani akazimaliza kwa dakika 27 na sekunde kidogo, mtaa mzima ukambeba mabegani. Sasa fikirieni. Joshua Cheptegei wa Uganda alipoweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 uwanjani, Valencia mwaka 2020, alitumia 26:11. Kijana wetu hana kocha, viatu kaazima, anakimbia kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, halafu aachwe na Cheptegei kwa dakika moja tu? Njia ilikuwa imepimwa kwa mita ya pikipiki. Tulipoipima upya ilipungua karibu kilomita nzima. Aliyeumia ni yule kijana. Alikwenda kwenye mbio za nchi jirani akiuamini muda ule, akaanza kwa mwendo usio wake, kufika kilomita ya sita miguu ikagoma. Bado linaniuma.

Na kupima kwenyewe hakuhitaji utajiri. Tafuta baiskeli, jaza tairi upepo hadi ziwe ngumu. Mahali barabara imenyooka, pima mita 300 kwa tepu ya chuma, kisha zipite kwa baiskeli mara kadhaa ukihesabu mizunguko ya gurudumu la mbele. Weka alama ya rangi kwenye tairi ili na robo ya mzunguko uione. Wapimaji wa kimataifa hufunga kihesabio kidogo kwenye gurudumu hilo, lakini rangi na daftari vinakufikisha karibu sana. Ukiingia kwenye njia yenyewe, fuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona, kwa sababu hakuna mkimbiaji wa mbele atakayezunguka kona kwa nje. Mwishoni ongeza mita moja kwa kila kilomita, kwa hiyo kilomita 10 unazichora mita 10,010. Kanuni ya dunia ndiyo inavyotaka, njia isije ikawa fupi. Kisha rudi kwenye zile mita 300 uhesabu tena, maana jua likipanda upepo wa tairi unapanuka na hesabu inahama.

Karibuni.

Wa Himbi

Aksanti mkubwa. Mimi ni mkimbiaji, ngoja nisimulie kilomita 10 za kwenda na kurudi, tulizoanzia Rond-point Signers kuelekea Kyeshero.

Filimbi ikilia, vijana wanachomoka kama wamefukuzwa na nyuki, kila mtu anataka picha ya kwanza. Mimi nakaa nyuma yao makusudi. Hewa ya kwetu ni nyepesi, na mwili uliochoka mapema kwenye mwinuko huu haupumziki tena njiani. Kilomita ya tatu nikawa nimeshawapita wengi bila kuongeza mwendo, wao ndio waliopunguza.

Njia ya kwenda na kurudi ina faida moja kubwa: ukikaribia pa kugeukia unakutana uso kwa uso na walio mbele. Niliwahesabu wanne. Watatu walikuwa wanapumua vizuri, wa nne, motari mmoja (dereva wa pikipiki ya abiria) ninayemfahamu kwa mazoezi ya jioni, bega lake la kulia lilikuwa limepanda karibu na sikio. Nikajua huyo namfikia. Nikamfikia kilomita ya saba, nikakaa nyuma ya kisigino chake. Hakugeuka, ila alinisikia, kwa sababu alianza kupumua kimyakimya. Hilo lichungeni sana. Mtu akificha pumzi yake bado ana kitu.

Kweli, kwenye kipande kinachopanda kidogo akaondoka. Nikang'ang'ana. Tukaenda bega kwa bega hadi tukaiona kamba, akanishinda kwa kifua. Wa nne yeye, wa tano mimi, sekunde ileile. Sijawahi kufurahia nafasi ya tano namna ile, na mpaka leo tukikutana kwenye foleni ya mafuta jambo la kwanza ni mbio zile.

Wa Majengo

Mimi nilisimama kwenye makutano na kitambaa chekundu, kwa hiyo nitasema juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali inayobeba mizigo.

Asiyeijua Goma anadhani polisi wa barabarani akinyoosha mkono basi njia imefungwa. Chukudu yenye magunia ya makaa inayoshuka kutoka upande wa Kibumba inafika mjini asubuhi na mapema, saa zilezile za mbio. Breki yake ni kipande cha tairi kuukuu ambacho mwenye chukudu anakikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Akiwa na mzigo kamili anahitaji umbali mrefu ndipo asimame. Mkimbiaji aliyeinamisha kichwa anaangalia sekunde zake haoni kitu.

Tulichofanya, jioni iliyotangulia tulikwenda kukaa na wakubwa wa chukudu, na baadaye wakubwa wa motari. Hawakuomba pesa. Waliuliza saa tu. Wenye makaa walitueleza kwamba ukifunga njia asubuhi nzima mama anayeuza rejareja anakosa mzigo na siku yake imekwisha. Tukakubaliana saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu, kisha njia inafunguliwa hata kama kuna watu bado wanakimbia, nao wanaobaki wanakimbilia pembeni. Asubuhi wale wakubwa wenyewe walikwenda juu kuwasimamisha wenzao. Kwenye kituo changu haikupita hata moja. Ilipofika saa moja na nusu nasi tukafungua, na hilo ndilo lililofanya watukubalie tena mbio zilizofuata.

Wa Mugunga

Fupi, kwa wanaopeleka nusu marathoni upande wa Sake. Kumbukeni mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inatulia mashimoni na kwenye mabonde madogo, zaidi asubuhi upepo ukiwa haujaanza. Huioni. Wenyeji tunaijua kwa mbuzi na ndege waliokufa bila jeraha. Hatari inamkuta mtu anayeacha lami na kuteremka kichakani kujisaidia. Kwa hiyo wekeni vyoo pale mnapoanzia, na kila kituo cha maji kiwe na mtu wa kartie anayejua mashimo yako wapi.

Wa Katoyi

Mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni mstari wa mwisho. Nawaomba wasimamizi waipe heshima sehemu hii, kwa sababu ugomvi wote huzaliwa hapo.

Mashine za kusoma muda hatuna, na mbio nzuri zimefanyika duniani kote kabla hazijakuwepo. Tunafunga kamba mbili zinazotengeneza njia nyembamba baada ya mstari. Mtu mmoja ana kronometa, anasema muda kwa sauti kila kifua kinapopita. Wa pili anaandika muda tu. Wa tatu, aliye mwisho wa kamba, anaandika namba za vifuani tu, kwa mpangilio ule ule waliotoka. Daftari mbili zikilingana idadi, matokeo yamekamilika. Ndani ya kamba hakuna kumpita mwenzako. Ndugu, kocha, mpiga picha, wote nje. Hapo nakuwa mkali kweli.

Pa kugeukia tunamvalisha kila mmoja uzi wa rangi mkononi, na rangi haijulikani mpaka asubuhi yenyewe. Mwaka mmoja alifika kijana katika kumi bora, uzi anao, rangi ndiyo. Mwenzangu akamtazama miguu. Sote tulikuwa na vumbi jeusi la volkano hadi magotini, wakimbiaji na wasimamizi, maana ilikuwa kiangazi. Mashavu ya miguu yake yalikuwa safi kabisa. Aliyekuwa pa kugeukia akathibitisha kwamba alishuka kwenye pikipiki, akavaa uzi, akapanda tena. Tukamtoa, na wa kumi na moja akaingia kumi bora. Mama yake huyo wa kumi na moja alilia kuliko aliyeshinda.

Na wanawake wawe na mwandishi wao. Dada wa kwanza hufika katikati ya kundi la wanaume, na kama hakuna anayemtafuta kwa macho, wa kwanza na wa pili wanabadilishwa kwa urahisi.

Kocha, Ndosho

Mwalimu kanigusa. Mimi nafundisha wasichana. Mwaka 2016 Kivu yetu ilikuwa na watu wawili kwenye Olimpiki ya Rio: Makorobondo Salukombo kwenye marathoni na Beatrice Kamuchanga kwenye mita 5,000. Mpaka leo nikienda kumwomba mzazi amwachie binti yake saa moja ya mazoezi kabla ya kuchota maji, jina la Beatrice ndilo linalonifungulia mlango. Lakini mlango huo unafungwa haraka sana tukifika kwenye mbio na kukuta wa kwanza mwanamume anapewa dola, wa kwanza mwanamke anapewa kitenge. Njia ni ileile na kilomita ni zilezile. Mahali wanapolipa sawa mimi naleta wasichana wote, mahali pengine siendi.

Wa Bukavu

Sisi kwetu hakuna tambarare, kila njia ni kupanda au kushuka. Wakubwa, nikiweka mwanzo juu kilimani na mwisho chini kando ya ziwa, muda unahesabika?

Mwanzilishi

Kama mbio unahesabika, aliyeshinda kashinda. Kama rekodi, hapana. Kanuni inaruhusu njia ishuke mita moja tu kwa kila kilomita, na mwanzo na mwisho visitengane, kwa mstari ulionyooka, zaidi ya nusu ya urefu wa mbio. Ndiyo maana na sisi tulikataa wazo la kuanzia Kibati na kushukia mjini. Geuzeni njia, mrudi mlipoanzia. Huko kwenu watu watapata muda mbaya, lakini utakuwa wa kweli, na mkimbiaji wa milimani akishuka kwenye mbio za tambarare ataona faida yake.

Wa Himbi

Bado zawadi hatujaizungumza. Nilishawahi kuambiwa nirudi wiki ijayo, nikarudi, nikaambiwa mweka hazina amesafiri.

Wa Katoyi

Sisi bahasha zinahesabiwa mbele ya wakimbiaji kabla ya filimbi, kila moja imeandikwa nafasi na kiasi, zinakaa kwa mtu mmoja aliyesimama mstarini. Daftari zikishalinganishwa, jina linaitwa, bahasha inafunguliwa pale pale, anahesabu, anatia sahihi. Mfadhili ambaye hajaleta pesa kufikia jioni ya kabla, jina lake halisomwi.