Nimemaliza kidato cha sita CBG, nataka lishe tiba: nijiandae na nini?

Kijana_Uyole
Habari zenu wakuu. Nimemaliza kidato cha sita hapa Mbeya, kombi ya CBG (kemia, biolojia na jiografia), na nimelenga shahada ya Lishe ya Binadamu pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Nataka kazi ya wodini, siyo ya ofisini. Mtaani wanasema ni kozi ya mapishi tu. Kwa mnaoijua: wanafunzi hukwama wapi, na nianze kujinoa na nini kabla chuo hakijafunguliwa?

SiMamaLishe
Mapishi yamo, ila siyo yanayowapa watu supu, yaani mitihani ya marudio. Wanaangushwa na biokemia na hesabu, na hivyo viwili ndivyo vinavyotakiwa wodini.

Chukua mtoto wa kilo 6 mwenye utapiamlo mkali, hajavimba, na amelazwa. Anaanzishiwa F-75, maziwa maalumu mepesi ya kuanzia tiba, mililita 130 kwa kila kilo kwa siku: jumla 780. Ukimlisha kila baada ya saa 2 ni milo 12, yaani mililita 65 kwa mlo, usiku na mchana. Angekuwa amevimba mwili mzima, ungeshuka hadi 100 kwa kilo, maana sehemu ya uzito ule ni maji.

Sasa mwanafunzi anamwona mtoto mifupa mitupu, huruma inamshika, anataka kumpa F-100, maziwa yenye nguvu zaidi ya kurudishia uzito, siku hiyohiyo. Hapo ndipo mtoto anapopotea. Mwili uliozoea njaa ukishindiliwa chakula, insulini inapanda, na fosfeti, potasiamu na magnesiamu zinakimbilia ndani ya seli. Kwenye damu zinashuka ghafla, moyo unashindwa kufanya kazi. Aliyekariri biokemia ili afaulu mtihani haioni hatari hiyo hata akiwa na jedwali mkononi.

Usangu_Mpunga
Naunga mkono, ila wodi siyo ya watoto tu. Jipime na mgonjwa wa figo kutoka Tukuyu ambaye potasiamu yake imepanda. Sahani yake ni ndizi, maharage na parachichi pembeni. Vyakula vizuri kabisa, na vyote vimejaa potasiamu: gramu 100 za parachichi peke yake zina kama miligramu 485. Kiasi hichohicho cha wali mweupe hakifiki hata 50. Kwa hiyo mchele wa Kyela ambao mgonjwa wa sukari unambania, huyu unamruhusu.

Viazi mviringo akivitaka, avimenye, avikate vyembamba, avichemshe kwenye maji mengi, ayamwage, kisha achemshe tena kwa maji mapya. Akivipika kwenye rosti, potasiamu inayotoka inabaki kwenye mchuzi, naye anaila.

Wengi wanajichanganya kwenye protini. Kabla ya kusafishwa damu, kwa kawaida ni gramu 0.6 hadi 0.8 kwa kilo kwa siku. Akianza kusafishwa inapanda hadi 1.0 au 1.2, kwa sababu nyingine inapotea kwenye mashine. Wanafunzi wanaendelea kumbania, mgonjwa anaisha misuli.

Afisa_Njombe
Usidharau ubao wa kupimia urefu. Utafiti wa afya wa 2022 uliikuta Iringa na udumavu wa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa kama 50, wakati taifa zima ni 30. Takwimu hizo zinaanzia kwenye mtoto kuvuliwa viatu na misuko kufumuliwa. Chini ya miaka 2 analazwa, magoti yanakandamizwa. Ukimpima amesimama, ongeza sentimita 0.7, la sivyo utamhesabu amedumaa kumbe hajadumaa.

Kijana_Uyole
Asanteni sana. Kutokusoma fizikia kutaniathiri? Na nyumbani nianze na kipi?

SiMamaLishe
Kemia na biolojia ndizo zinazobeba kozi, unazo. Sifa kamili zisome kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka unaoomba, usitumie wa mwaka jana.

Nyumbani tafuta mizani ya jikoni. Mgonjwa hatakuambia gramu, atakuambia upawa, kibakuli, kipande. Pima upawa wa wali wa kwenu. Ukiwa gramu 150, hiyo ni wanga kama gramu 42, karibu vipimo 3 vya gramu 15 tunavyomhesabia mgonjwa wa sukari. Rudia kwa ugali na viazi, uandike. Upawa wa mama ntilie nao upime, ni mkubwa kuliko unavyodhani.

Usangu_Mpunga
Na mshikaki wa nyama, mkuu. Uupime bila kijiti.