Familia ya Chumbageni

Jumapili

07:12 Da Rehema: Assalaam aleikum. Mama kaamka na sukari 17, hajala kitu. Sindano anachoma, vidonge haruki. Nimemwambia afunue mdomo: fizi zimevimba, zinatoka usaha, gego linacheza. Jumanne aende kwa daktari wa meno. Nani anampeleka?

07:40 Da Rehema: Mmesoma 19. Kimya.

08:55 Juma: Linacheza ngoma gani? 😂

08:56 Kibwana: Mdumange 😂😂

08:58 Da Rehema: Sicheki. Usaha wa fizi unapandisha sukari, na sukari ikiwa juu fizi haziponi. Vinalishana. Kuongeza insulini huku mdomo tumeuacha ni kuteka maji kwa pakacha.

09:20 Shangazi Mwanaisha: Asukutue maji ya chumvi, aweke karafuu. Kumng'oa jino mwenye sukari ni kumuua.

09:31 Da Rehema: Shikamoo Shangazi. Karafuu inatuliza maumivu, usaha unabaki. Na huenda asing'olewe, akakwanguliwa ugaga tu. Ikibidi kung'oa, wataishusha sukari kwanza.

09:34 Zaituni: Leo Shangazi ndiye wa kutushauri meno? Mwanangu Hamisi alipokuwa na miezi 5 mkasema ana meno ya plastiki. Narudi kazini nakuta kashachokolewa fizi.

09:35 Zaituni: Yalikuwa meno yake, hayajatoka bado. Mpaka leo chonge hana.

09:36 Kibwana: 🙈

09:41 Shangazi Mwanaisha: Ujumbe huu umefutwa

10:15 Ba Mkubwa Salehe: Zaituni una haki. Siku ile nilikuwepo, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Mama yenu tangu Idi hajatafuna. Ni uji wa sukari na mkate wa kuchovya. Halafu mnaulizana sukari inatoka wapi.

11:04 Da Rehema: Shikamoo Ba Mkubwa. Basi Jumanne saa 2 asubuhi. Zaituni, fungasha dawa ZOTE, hata za presha. Amlodipini huvimbisha fizi za baadhi ya watu, na asipirini inachelewesha damu kuganda. Daktari azione. Msimwachishe hata moja, na ale kama kawaida.

11:05 Da Rehema: Mimi 20,000. Gari?

13:47 Kibwana: Langu liko gereji mpaka Jumatano

16:30 Juma: Nina pikipiki

16:31 Da Rehema: Juma, Mama na pikipiki?

21:58 Mwajuma Muscat: Ndiyo naona sasa. Teksi nalipa mimi. Mama mwenyewe amekubali?

22:03 Da Rehema: Bado sijamwambia.