Tupeane uzoefu: nyuzi (za skrubu) zimekufa kwenye motere (injini) ya zamani, ulizifufuaje?

Mfungua mada, Kampemba

Jambo yenu wote. Mada hii ni yetu sisi tunaotembeza motoka za zamani hapa Lubumbashi: Corolla za miaka ya 90, Hilux, Land Cruiser, hata zile Peugeot 504 chache ambazo bado zinapumua. Kila mara nasikia mtu kaambiwa garajeni, "Kulasi (kichwa cha motere) imekwisha, tafuta ingine." Ukiuliza imekwishaje, unaonyeshwa tundu moja la buji (plagi) lililolika nyuzi. Tundu moja! Milimita 19 za nyuzi ndizo zinazoipeleka motere nzima kwa wauza chuma chakavu. Jambo hili linaniuma, maana najua humu mko wengi mliotengeneza na motoka ziko barabarani hadi leo. Semeni ilikuwa tundu lipi, liliharibikaje, mlitumia njia gani, na kama bado linashika.

Naanza mimi. Garaje moja walinibadilishia buji motere ikiwa ya moto. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha buji, kwa hiyo ukilazimisha kufungua hapo, buji inatoka imebeba nyuzi za kulasi. Wakafunga mpya juu ya uharibifu, hawakuniambia neno. Barabara ya Likasi, napanda mlima, nikasikia kishindo, kisha motere ikaanza kubweka na harufu ya petroli ikajaa ndani. Buji ya silinda ya tatu ilikuwa imeruka na waya wake, imegonga kapo (boneti) kwa ndani.

Aliyeniokoa ni ajusteri (fundi wa kurekebisha vyuma) mmoja mzee, na kulasi hakuishusha. Aliizungusha motere kwa mkono hadi pistoni ya silinda ile ikafika chini kabisa, akashindilia grisi nzito kwenye mifereji ya taro (chombo cha kukata nyuzi), akaanza kukata: nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Kila baada ya kitambo alilitoa, na grisi ilikuwa imejaa chembe za alumini zinazong'aa kama magamba ya samaki. Anafuta kwa kitambaa safi, anapaka grisi mpya, anarudi. Mwisho alipuliza hewa ya kompresa kwa kijibomba chembamba hadi ndani ya silinda, akaweka bushi ya chuma (kijibomba kifupi) yenye nyuzi nje na ndani, na buji ikaingia kwa vidole vyake tu hadi ikagusa. Inashika hadi sasa. Haya, tuendelee.

Mama wa taksi, Katuba

Aksanti kwa mada. Shida yangu mimi ni bushoni (kizibo) ya vidanje (kumwaga mafuta ya motere). Nina taksi kadhaa na mashofere wanapeleka vidanje kokote walipo. Kijana anachukua ufunguo mrefu, ananing'inia juu yake kama anafunga gurudumu la lori. Toyota nyingi bushoni yake ni M12 pa 1,25 (upana milimita 12, uzi hadi uzi milimita 1,25), na inataka kama nyuton-mita 37 hadi 40 tu! Nyuzi zikilegea, mwingine anazungushia utepe wa bomba la maji, mafuta yanaendelea kudondoka. Wa tatu anakuja na bushoni nene inayojikatia njia yenyewe. Hiyo ndiyo iliyoniharibia karteri (bakuli la mafuta ya motere) moja kabisa, maana iliingia upande na tundu likawa yai.

Dawa: karteri zangu ni za bati la chuma. Tulishusha, tukaiosha mpaka harufu ya mafuta ikaisha, fundi akakata nati ya zamani na kuchomea mpya kwa ndani. Tulijaza petroli (dizeli ingefaa pia) tukaiacha ilale usiku, tuone kama panavuja. Palikauka. Siku hizi kila taksi ina rondela (washa) mpya za shaba ndani ya kisanduku cha mbele, na shofere anajua kwamba bushoni inaanza kwa vidole, ufunguo unakuja mwishoni. Asiyeweza kusimama pale akiangalia, asipeleke vidanje.

Ajusteri mstaafu, Kamalondo

Watoto wangu, mmesema vizuri. Nimefanya ajustaje miaka mingi katika karakana za Gécamines, shirika la migodi, na nyuzi nimezikarabati kwenye pampu, kompresa na motere za kila aina. Niongeze mambo.

La kwanza, msikimbilie kutoboa. Mara nyingi nyuzi hazijafa, zimechafuka kwa kaboni au nyuzi mbili za juu tu ndizo zimelala. Chukua buji ya zamani yenye nyuzi nzima, ikate kwa msumeno mifereji mitatu au minne kwa urefu wa nyuzi, isugue makali, ipake grisi, uipitishe kwa mkono. Itasafisha bila kula alumini. Taro la kawaida lina njaa, linakata hata palipo pazima.

Kama nyuzi zimekwisha kweli, kuna njia mbili za heshima. Ipo ya waya, ile wanayoita Helicoil: waya wa chuma kisichoshika kutu, umesokotwa kama springi, na ukiukata utauona una umbo la almasi. Ipo ya bushi nzima, kama aliyowekewa ndugu wa Kampemba. Kwa buloni (bolti) ambayo haifunguliwi mara kwa mara, waya unatosha kabisa, na katika alumini unakuwa na nguvu kuliko nyuzi za kiwandani, kwa sababu kipenyo cha nje ni kikubwa na mzigo unagawanyika. Kwa buji mimi nachagua bushi. Waya nimeuona ukitoka pamoja na buji.

Vipimo: M8 pa 1,25 inataka meshi (ncha ya kutobolea) ya 8,3 au 8,4. M10 pa 1,5 inataka 10,3 au 10,4. Fuata kinachoandikwa kwenye seti yako. Taro ni lile la seti yenyewe, siyo taro la M8 la dukani, maana la seti ni nene zaidi. Waya ukiingia, uuache ushuke robo hadi nusu mzunguko chini ya uso, kisha uvunje kile kijimkia chake kwa pigo moja fupi na ukitoe kwa koleo. Kikibaki kwenye tundu la buji, kitaangukia pistoni.

Na kinachoua kazi kuliko vyote ni meshi kuinama. Mkono peke yake hautoshi. Mimi natengeneza kipande cha chuma chenye tundu lililonyooka, nakifunga kwa buloni za jirani juu ya uso wa kulasi, meshi inapita humo. Nusu saa ya kutengeneza kipande hicho hainiumi.

Shofere wa barabara ya Kasumbalesa

Shida yangu mimi ni gujo (bolti zisizo na kichwa) za kolekta ya moshi (bomba linalokusanya moshi wa motere). Zilikatika mbili, moja imezama ndani. Fundi aliweka nati juu ya kisiki, akachomea katikati ya nati mpaka ikashikana na gujo, akaacha ipoe kidogo, akafungua taratibu mbele na nyuma. Ilitoka. Joto la kuchomea ndilo linalovunja kutu, kuliko nguvu. Ile iliyozama alijazia kwanza kwa kuchomea hadi ikajitokeza, ndipo akaweka nati. Nyuzi za kulasi hazikuguswa.

Kijana wa Ruashi

Wakubwa, naomba msaada. Nimenunua motoka, bloku ni ya alumini. Tulipofunga kulasi, buloni moja ya nyuma inazunguka tu, haishiki. Fundi anasema aweke gundi ya chuma, ile ya sehemu mbili, kisha afunge. Nikubali?

Ajusteri mstaafu, Kamalondo

Usikubali, mwanangu. Buloni ya M10 ya kulasi inavuta zaidi ya tani mbili, na pale pana joto la maji yanayochemka na mafuta. Gundi ile inafaa kuziba ufa mdogo kwenye kifuniko. Ikiachia hapo, gasketi inapulizwa, maji yanaingia silindani, na sasa una kazi mbili.

Kulasi ishushwe, tundu litobolewe, liwekwe waya au bushi ndefu. Katika alumini nyuzi ziwe na urefu wa mara moja na nusu hadi mbili ya kipenyo cha buloni, kwa hiyo M10 iwe na milimita 15 hadi 20 zinazoshika. Na ikiwa moja imeng'oka, jirani zake pia zimechoka. Mimi ningefanya safu yote ya nyuma.

Jambo lingine linalosahaulika: matundu yale yamefungwa chini. Yakibaki na maji au mafuta, buloni ikishuka inayakandamiza, na kimiminiko hakikubali kubanwa. Bloku inapasuka ubavuni na fundi hajui kwa nini. Puliza kila tundu kwa hewa, funika macho yako, kisha ingiza kitambaa juu ya waya na uone kikitoka kikavu.

Mfungua mada, Kampemba

Papa, na kwa anayefunga buji nyumbani bila ufunguo wa kupima nguvu?

Ajusteri mstaafu, Kamalondo

Chukua kipande cha mpira wa petroli, kama shibiri moja, kivike kichwani mwa buji. Zungusha kwanza kinyume mpaka usikie nyuzi zimekaa, ndipo uzungushe kwenda mbele. Buji ikitaka kuingia upande, mpira unateleza kabla nyuzi hazijaumia. Ikigusa, sasa shika ufunguo: buji mpya ya milimita 14 yenye rondela yake, nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Iliyokwisha kutumika, ambayo rondela yake imeshalala, kidogo sana, sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko.

Kijana wa Ruashi

Aksanti sana, Papa. Naweza kuileta kwako?

Ajusteri mstaafu, Kamalondo

Ilete, lakini kwa kuvutwa, usiiwashe. Uje na buloni zote kumi, hata ile iliyozunguka, nitasoma nyuzi zake nione imebeba alumini kiasi gani. Na yule fundi wako mwambie aje pia, aone.

Mama wa taksi, Katuba

Papa, nikituma vijana wangu wawili siku hiyo waje kuangalia, utawapokea?

Ajusteri mstaafu, Kamalondo

Waje saa moja asubuhi. Kila mmoja abebe kitambaa safi.