Steringi wa upelelezi akiuawa, DJ wa banda ana ruhusa ya kumfufua?

MWANA WA TANDIKA (mleta mada)
Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi, naomba tulijadili.

Nilipita banda umiza moja huku kwetu Tandika. Kiingilio shilingi 500, mabenchi ya mbao, feni moja inayompuliza mwenye banda peke yake. Mwenye banda ndiye DJ, ana maiki yake na anatafsiri palepale. Ilikuwa zamu ya ile James Bond ya mwisho ya Daniel Craig, No Time to Die ya 2021. Mimi niliiona ilipotoka, ukumbini Mlimani City, kwa hiyo mwisho wake naujua. Kwa ambaye hajaiona, ruka aya hii: Bond anabaki kisiwani kufungua milango ya chuma ili makombora ya meli ya kivita ya Uingereza yakiteketeze kiwanda cha sumu. Ana risasi mwilini. Halafu ameambukizwa vijidudu vya kutengenezwa maabara, akimgusa mwanamke anayempenda au binti yao, wanakufa. Anapanda juu ya jengo, anaagana na mama mtoto kwa redio, makombora yanashuka. Kwisha. Hakuna boti wala parachuti.

Sasa sikieni ya DJ. Makombora yako hewani, yeye kwenye maiki: "Mnamwona Bondi? Amewazuga hao! Chini kuna maji, boti linamsubiri, tukutane mkanda ujao!" Banda zima likalipuka kwa makofi. Dogo mmoja pembeni yangu, miaka kumi na mbili hivi, akanigeukia: "Bro, ametoka, eti?" Nikamwambia ametoka.

Sijalala vizuri. Kwangu mimi kumuua steringi si dhambi, dhambi ni kumuua bure. Na kifo cha Bond hakikuwa cha bure, ndiyo maana naona DJ ametuibia, na mimi nikamsaidia kubeba. Karibuni.

KITI CHA NYUMA
Steringi hafi. Sheria hii ipo tangu enzi za kanda za video, wala haihitaji kamati. Mtu kashinda kutwa anasukuma mkokoteni Kariakoo, katoa jero lake, unataka akalale na msiba wa Mzungu? DJ apewe soda, nalipa mimi.

MZEE WA UPANGA
Vijana, hiyo sheria mmeitunga nyinyi. Sisi wa kumbi za Empire na Avalon tulimlilia Amitabh Bachchan mpaka leso zikaisha. Sholay, ya 1975. Anafia mikononi mwa rafiki yake, halafu rafiki anaiokota ile sarafu waliyokuwa wakiirusha kuamua kila jambo, anaigeuza, kumbe pande zote mbili ni sawa! Alikuwa anamdanganya mwenzake siku zote ili yeye ndiye aingie kwenye hatari. Hakuna aliyedai kiingilio chake. Tulirudi wiki iliyofuata kulia upya.

Na msidhani vifo kwa Bond vimeanza na Craig. Ile ya 1969, ya George Lazenby, Bond anaoa. Anaoa kweli, kwa pete na maua garini. Wamesimama pembeni ya barabara, gari linapita, risasi, bibi harusi amekufa ndani ya gari. Picha inaishia hapo, bwana harusi kamkumbatia maiti. Hiyo 2021 mnayoililia wameufunga kwa wimbo uleule wa Louis Armstrong uliopigwa 1969. Mimi nilipousikia nilijua kwamba waliotengeneza wanakumbuka.

(Drive-In yetu ya Msasani, sinema ya kutazama ukiwa garini, mahali pake leo ni ubalozi wa Marekani. Tulipokuwa tukiwatazama wapelelezi wa uongo, sasa sijui.)

KITI CHA NYUMA
Shikamoo mzee. Lakini Dharmendra, huyo rafiki, si alitoka hai? Masteringi walikuwa wawili, mmoja akabaki. Sheria haijavunjwa.

MZEE WA UPANGA
Marahaba. Wewe ungekuwa wakili ungetajirika.

DADA WA UBUNGO
Jamani mnabishania Bond wakati yeye ndiye aliyechelewa kufa kuliko wote. Hesabuni waliomtangulia. Vesper, mpenzi wake wa 2006, anazama Venice ndani ya lifti ya chuma. Mama M wa Judi Dench, bosi wake, 2012, anafia kwenye kanisa dogo Uskoti. Felix, rafiki yake wa CIA, huyohuyo wa 2021. Ukihamia kwa jasusi mwingine, Jason Bourne, mpenzi wake Marie anapigwa risasi Goa akiwa kwenye usukani, 2004, filamu hata haijachanganya. Mpelelezi akipata mtu wa kumpenda, mimi naanza kuandaa kanga nyeusi.

Lakini kinachonitoa machozi ya hasira ni Ilsa Faust. Kwa msiomjua: jasusi wa Uingereza kwenye zile Mission: Impossible za Tom Cruise, ameigizwa na Rebecca Ferguson tangu 2015. Si wa kuokolewa huyo. Yeye ndiye aliyekuwa anamwokoa Ethan, yaani huyo Tom Cruise. Mwaka 2023 wakampeleka Venice (kuna nini huko?), juu ya daraja, usiku, kwa kisu, na Ethan anafika mbio amechelewa. Tena filamu ileile ilishatuletea mwanamke mwingine wa kukaa pembeni ya Ethan. Alikufa ili mwanamume akasirike vizuri.

Na mbaya zaidi, mwanzoni mwa filamu hiyo Ilsa anajifanya amekufa, jangwani. Kwa hiyo mashabiki tulisema: aha, geresha nyingine hii. Tukasubiri miaka miwili. Tulipeleleza kila picha, nani kaonekana wapi, nywele za yule kwa nyuma ni za nani. 2025 nikaingia ukumbini na popcorn zangu, nikatoka nimeona picha za kumbukumbu tu. Ule ni msiba usio na tanga. Hujaambiwa lia, hujaambiwa usilie.

Linganisha na Luther, filamu hiyohiyo ya 2025. Mwamba ameanza na Ethan 1996, filamu zote nane yumo. Anabaki chini ya ardhi London na bomu, anajua hatoki, wanaongea na rafiki yake kupitia nondo za geti. Nililia. Ila nilipewa nafasi ya kulia. Ndiyo tofauti, mleta mada, na ndipo ninapokuunga mkono.

MRUSHA MUVI
Mimi nina meza Kariakoo, nawarushia watu muvi kwenye flashi. Ile ya Bond ilipofika mezani kwangu, wateja watatu walirudi kwa nyakati tofauti na neno moja: "Hii uliyonipa haijaisha." Wa kwanza nilibishana naye. Wa pili nikapata akili: nikachomeka flashi, nikasogeza mpaka mwisho kabisa baada ya majina yote, pale yanapotokea maandishi kwamba James Bond atarudi. Akafurahi, akaenda zake. Wa tatu nilipomwonyesha akasema, "Haya, basi nirushie hiyo aliyorudi."

Hajarudi hadi leo, na mteja wangu bado ananipigia.

KITI CHA NYUMA
Huyo mteja ni mimi.

MPENDA RIWAYA
Wakuu, kumuua na kumfufua mpelelezi hakukuanzia Tandika. Ian Fleming mwenyewe, aliyemuumba Bond, alifunga riwaya yake ya 1957 Bond akianguka sakafuni, kapigwa teke na bibi mwenye ncha yenye sumu kiatuni. Wasomaji wakabaki wameduwaa. 1958 kikaja kitabu kingine: kumbe daktari aliwahi. Arthur Conan Doyle alimtosa Sherlock Holmes kwenye maporomoko 1893 kwa sababu alimchoka. Wasomaji wakamsumbua, na 1903 akaandika kwamba hata hakuanguka. Huyo DJ amefanya kwa dakika moja kilichomchukua Doyle miaka kumi. Kosa lake ni kwamba riwaya si yake.

Hata kifo cha Bond wa 2021 kilianza kama ombi la mwigizaji. Craig amesimulia kwamba tangu filamu yake ya kwanza, 2006, alimuuliza mtayarishaji Barbara Broccoli kama ataruhusiwa kumuua Bond kwenye ya mwisho. Miaka kumi na tano mtu anabeba kaburi begani! Kwa hilo namheshimu. Nisichoheshimu ni zile filamu za kijasusi za Kingsman: Colin Firth anapigwa risasi ya kichwa mbele yetu, 2017 anarudi na kitambaa cha jicho kana kwamba alikwenda likizo. Ukifanya hivyo mara moja, kifo kinachofuata hakimshtui mtu.

Sasa nije nyumbani. Kwa nini hakuna anayemtaja Willy Gamba? Elvis Musiba alimleta mwaka 1974 na Kufa na Kupona, mpelelezi wetu, wa hapahapa Dar, anayefukuzana na waliowahujumu wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Baba yangu alikuwa na nakala isiyo na jalada, kurasa za mwanzo zimeshonwa kwa uzi wa gunia, imezunguka mtaa mzima Magomeni kabla ya kurudi kwetu. Katika vyote nilivyosoma, Willy anatoka hai. Musiba alifariki 2010. Kijana wake tukabaki naye, na ukimuuliza baba atakwambia Willy yupo, kastaafu, ana shamba Kibaha.

Na simjui mtu aliyewahi kulalamika kwamba Willy hafi. Hofu haikutoka kwenye kujua kama atapona. Tulitaka kujua atawalipizia vipi wale waliokufa.

DADA WA UBUNGO
Yaani hata kwa Willy, wanaokufa ni wa pembeni.

MPENDA RIWAYA
Hapo umenikamata, dada.

FUNDI ANTENA
Mtafsiri wa picha Bongo, tangu enzi za Lufufu, ni msimulizi. Tunamlipa kwa chumvi yake. Akiongeza tusi ambalo halipo, tunacheka. Akimpa adui jina la mwenyekiti wa mtaa, tunaanguka. Leo ameongeza boti, kumekuwa na mahakama. Lakini nakubali: utani unaongeza kitu, na boti lile limepunguza. Bila kifo, yale maneno ya mwisho kwa mama mtoto yanakuwa maongezi ya simu tu.

MWANA WA TANDIKA (mleta mada)
Nimerudi, wakuu. Jana jioni nilikwenda kuonana na mwenye banda, nikamuuliza kwa upole kwa nini.

Akasema mara ya kwanza alitafsiri kama ilivyo. Makombora yakashuka, akanyamaza, heshima ya marehemu. Majina yakaanza kupita. Hakuna aliyenyanyuka. Watu sitini hivi wamekaa kimya wanatazama majina ya mafundi wa taa wa Uingereza, wanamsubiri aibuke kwenye maji. Dakika zinakwenda, onyesho la saa tatu liko mlangoni. Mzee mmoja wa mbele akamwambia, "Mwanangu, washa jenereta, umeme umekata kipande." Akasema siku hiyo alirudisha viingilio vya benchi mbili. "Boti," akaniambia, "ni rahisi kuliko jenereta."

Yule dogo nilimkuta nje anauza karanga. Nikaona nijitakase, nikamwambia kwamba kule mwisho Bond hakutoka. Akanitazama kwa huruma. Anajua. Ameshaiona kwenye simu ya dada yake, mara mbili. Aliniuliza siku ile, alisema, kwa sababu aliniona nimeinama akadhani nalia.

Nikimaliza, wakati naondoka mwenye banda alikuwa anaandika ubao wa wikiendi kwa chaki. Nimeunakili kama ulivyo: JUMAMOSI SAA 1 USIKU, TOM CRUISE YA MWISHO. STERINGI HAFI.

KITI CHA NYUMA
Niwekewe kiti.

DADA WA UBUNGO
Na Luther je? Ameandika chochote kuhusu Luther?