Steshenari Ujiji: Celeron mpya, i5 ya mtumba au kompyuta ya mezani?

Mama_Steshenari
Wakuu habari za jioni. Nina kachumba changu hapa Ujiji: kuchapa barua, fotokopi, picha za pasipoti, na msimu wa ajira vijana wanajaa kutuma maombi mtandaoni. Mashine niliyonayo ni ya mezani na imechoka. Ukifungua Photoshop unaweza kwenda sokoni kununua migebuka ukarudi bado inazungusha.

Nina laki sita, nikijibana sana laki sita na nusu. Nimeoneshwa tatu. Laptopu mpya ya kwenye boksi, prosesa (ubongo wa kompyuta) Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 4, wanataka 550,000. Laptopu ya EliteBook 840 G3 ya mtumba, prosesa i5-6300U, RAM 8, hifadhi ya SSD GB 256, wanataka 480,000. Halafu OptiPlex ya mezani, mtumba pia, i5-6500, RAM 8, pamoja na skrini ya inchi 19, kwa 420,000.

Mume wangu anasema kipya ni kipya, tena kina waranti. Muuzaji wa EliteBook ananiambia i5 ni i5, hakuna tofauti na ya mezani. Sasa kama hakuna tofauti mbona ya mezani ndiyo ya bei ya chini? Umeme wetu mnaujua. Nisaidieni, na msinitupie Kiingereza kingi.

Kibirizi_Boy
Dada chukua laptopu. Mezani ni mambo ya zamani, unaihamishaje ukipandishiwa kodi ya fremu?

Fundi_Mwanga
Dada shikamoo, kama umenizidi umri. Hiyo ya boksi iache. Sina chuki nayo, za aina hiyo zinaletwa sana kwangu kutengenezwa hapa Mwanga, Kigoma. N4020 ilitoka mwishoni mwa 2019, ina kori mbili tu (kori ndiyo mtambo wenyewe unaofanya hesabu ndani ya prosesa) na imeundwa kwa wati 6. Haichemki, na chaji inakaa. Mwanafunzi wa kuandika kazi zake na kutazama video itamfaa kabisa. Lakini wewe Photoshop imefunguka, kurasa za maombi ya kazi zimefunguka, mteja wa fotokopi anagonga dirisha... itabaki inakutazama. Tena nyingi RAM yake imechomelewa kwenye bodi, huongezi kitu. Ulizia na hifadhi: ukisikia eMMC (hifadhi ya bei ndogo, ya polepole kuliko SSD) ya GB 64, Windows na masasisho yake vitaimaliza upesi.

Sasa hilo la "i5 ni i5". Hapo ndipo watu wanapigwa. Soma namba nzima. Tarakimu ya kwanza hapo ni kizazi: 6300U na 6500 zote ni kizazi cha 6, za mwaka 2015. Kinachozitenganisha ni ile herufi ya mwisho. U ni prosesa ya laptopu, wati 15, na hiyo 6300U ina kori mbili. 6500 isiyo na herufi ni ya mezani, wati 65, kori nne, mwendo wa GHz 3.2 kupanda hadi 3.6. Unaona muuzaji alivyokuficha nusu ya mashine? Halafu ya mezani ina feni kubwa na nafasi ndani, inapiga kazi kutwa bila kulegea. Laptopu ikipata joto inajipunguza mwendo yenyewe, na saa nane mchana Ujiji kwenye chumba cha bati hakuna wa kuisaidia. Bei ya mezani iko chini kwa sababu kila mtu anataka ya kubeba, basi.

Ila hata hiyo 6500 nina neno nayo. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, yaani masasisho ya kuziba mianya ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel (ndio watengenezaji wa hizi i5 na Celeron) orodha rasmi inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache mno za cha 7. Wapo wanaolazimisha, na inawaka. Lakini wewe unashika vyeti na namba za vitambulisho vya watu. Mimi nisingeweka mashine ya hivyo kwenye steshenari.

Tafuta ya mezani yenye i5-8500. Ni ya 2018, kori sita. OptiPlex 3060 au 5060 zinakuja nayo. Piga simu Kariakoo, ulizia bei bila skrini, skrini unayo.

Mwalimu_Kasulu
Fundi, kwenye prosesa sikupingi, ila umesahau umeme. Huku kwetu ukikatika ya mezani imezima na barua ya mtu imepotea. Laptopu inaendelea. Mimi ningemwambia atafute 840 G5 yenye i5-8250U. Kizazi cha 8 ndipo Intel walipotoka kori mbili kwenda nne kwenye hizi za wati 15.

Fundi_Mwanga
Mwalimu, umeme ukikatika printa na fotokopi navyo vimezima. Laptopu ikiwaka atatoa karatasi kwa nini?

Mwalimu_Kasulu
Maombi ya ajira hayahitaji karatasi. Bando la simu linatosha, na siku ya mwisho ya kutuma, dakika kumi ni kila kitu.

Fundi_Mwanga
Hapo umenibana, nakubali. Basi anunue na UPS ndogo (kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika), apate muda wa kuhifadhi na kubofya tuma. Dada, printa ya leza usiichomeke kwenye UPS. Inavuta umeme mwingi ikianza kupasha moto, itakuulia UPS. Na mwalimu, G5 nazo ziangaliwe: zipo zilizotoka kiwandani na kizazi cha 7, kori mbili, kwa nje zinafanana kabisa.

Asali_Tabora
Nipo Tabora, natumia Ryzen, prosesa za AMD, washindani wa Intel. Msiisahau AMD jamani.

Fundi_Mwanga
Ryzen ipi mkuu? Ryzen 3 3250U ni ya 2020 lakini ina kori mbili. Ryzen 5 5500U ina kori sita na ina kasi kweli, ila kwa laki sita sijaiona.

Mama_Steshenari
Marahaba fundi, nimekuzidi bila shaka. Kuna mtu ana OptiPlex 3060, anasema ni i5-8500, RAM 8, SSD 256, bila skrini, 530,000. Inayobaki naweka kwenye UPS. Nitajuaje hanidanganyi? Kibandiko cha nje kinasema i5 tu.

Fundi_Mwanga
Kibandiko kinauzwa, usikiamini. Mwambie aiwashe mbele yako, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, kisha CPU. Jina kamili la prosesa lipo juu kulia, chini utaona idadi ya kori. Zikiwa sita, toa hela. Halafu geuza nyuma uangalie mlango wa skrini. Hizo zina HDMI na DisplayPort, VGA si zote. Skrini yako kama ni ile ya waya wa bluu wa pini kumi na tano, ndiyo VGA, na mashine haina mlango huo, dai adapta kabla hujalipa.