Tupeane uzoefu: swali gani liliamsha darasa lako chuoni?

Takwimu_Tu (mleta uzi)
Wadau habari za jioni. Naomba walimu wa vyuo, wakufunzi na wanafunzi tukutane hapa tusaidiane hili la kuuliza maswali darasani, manake kwa kweli linaniuma. Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, na karibu kila lekchara ninayemjua anamaliza mada kwa "mmeelewa?", darasa linaitikia ndiyooo, testi ikija unalia. Mmeelewa siyo swali bwana. Nani atanyoosha mkono mbele ya watu 200 aseme yeye peke yake hajaelewa?

Kwangu kilichobadilisha mambo ni hiki. Badala ya kuuliza wastani ni nini, naandika ubaoni ofisi ya watu 10, tisa wanalipwa laki 4 kila mmoja na bosi milioni 8. Wanapiga hesabu, wastani unatoka 1,160,000 na humo ofisini hakuna hata mmoja anayelipwa hiyo hela, mediani yenyewe, yaani mshahara wa katikati ukiwapanga kuanzia mdogo hadi mkubwa, ni laki 4. Halafu ndo nauliza: wafanyakazi wanadai nyongeza, mwajiri hataki, kwenye kikao kila upande utataja namba ipi na kwa nini? Hapo darasa linagawanyika lenyewe, watu wanabishana mpaka wa nyuma wanasimama. Dada mmoja ambaye semista nzima sijamsikia alisema mwajiri atataja wastani kwa sababu mshahara wake umejificha humo ndani. Nilifurahi sana, ile sentensi ni mada nzima.

Karibuni, leteni ya kozi zenu.

NesiMkufunzi
Uzi mzuri mkuu. Mimi nafundisha uuguzi na ukunga ngazi ya diploma. Ukiuliza taja sababu za mama kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, wanazitiririsha zote bila kupumua, wamekariri. Sasa jaribu hivi: mama kajifungua nusu saa iliyopita, mapigo ya moyo 120, presha 90/60, kanga imelowa, ukigusa tumbo mji wa mimba ni laini, uko zamu ya usiku na mwenzako yuko wodi ya pili. Mkono wako unaenda wapi kwanza?

Kimya. Wale waliotiririsha ndo wanaangaliana. Mmoja atasema niandike kwenye faili, mwingine atasema nikamwite daktari, nauliza ukienda kumwita mama anabaki na nani? Hapo wanaanza kufika wenyewe, kwamba unapaza sauti ya kuomba msaada huku mkono tayari unasugua mji wa mimba ujikaze, oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, inaandaliwa, kibofu kinaangaliwa. Wakifika wodini wanakumbuka, manake swali lilikuwa na mtu ndani yake. Mimi siku hizi siulizi tena "taja" isipokuwa nikiwa nakagua kama wamesoma.

kijana_wa_kata
Naongea kama mwanafunzi, niko mwaka wa tatu. Walimu wangu naombeni mnielewe hapa. Mtu kasoma Kiswahili mpaka darasa la saba, fomu wani ikawa Kiingereza ghafla, kapambana kafika chuo. Lekchara anauliza swali, jibu ninalo kabisa, naanza kupanga ile sentensi kichwani, nihakikishe is na was zimekaa sawa, nikimaliza kupanga mwingine kashajibu na tumehamia slaidi nyingine. Kwenye vitabu vyenu naonekana mtu asiyeshiriki.

Kuna lekchara mmoja wa uchumi alikuwa anasema geukeni kwa jirani, dakika mbili, ongeeni lugha yoyote, ndo baadaye mtaniambia kwa Kiingereza. Nawaambia ukweli kozi ile ndo niliyoielewa kuliko zote chuoni, na watoto wa shule za kata wengi tulianza kunyoosha mikono pale. Dakika mbili tu jamani.

mwalimu_nakuru
Huyo kijana ameongea. Huku Kenya pia makomredi, yaani wanafunzi wa chuo, wananyamaza hivyo hivyo, na nafikiri wengi wetu tunawanyamazisha wenyewe kwa haraka zetu. Kuna mtafiti wa Marekani aliitwa Mary Budd Rowe, miaka ya 70 alisikiliza kanda za madarasa ya sayansi akakuta mwalimu akiuliza anasubiri kama sekunde moja hivi, halafu anajijibu au anaruka kwa mwingine. Waliposubiri sekunde 3 na zaidi majibu yakawa marefu, na waliokuwa wakinyamaza wakaanza kuongea. Yeye alikuwa shule za watoto lakini mimi nimeiona chuoni vilevile. Ukiuliza, kaa kimya kabisa, usirudie swali kwa maneno mengine. Ile kimya inauma mwanzoni, vumilia, kuna mtu nyuma anapanga sentensi yake.

FizikiaNaMaisha
Kwa wenye madarasa makubwa someni habari za Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard. Wanafunzi wake walikuwa wanakokotoa maswali magumu vizuri tu, ila ukiwauliza lori likigongana na gari dogo nani anamsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi, wengi wanasema lori. Kumbe nguvu ni sawasawa, na sheria ya tatu ya Newton, ile ya kila nguvu kujibiwa na nguvu iliyo sawa nayo, wote wanaijua kwa kichwa. Kuanzia 1991 akabadilisha: swali lenye machaguo, kila mtu anajibu kimya peke yake, wakigawanyika anawaambia mshawishi jirani yako, halafu wanajibu tena.

Mimi natumia lori na bajaji. Mitambo ya kupigia kura hatuna, na bando la mwanafunzi siwezi kuligusa, wananyoosha vidole tu kifuani, kimoja ni A, viwili B, jirani haoni vizuri ila mimi wa mbele naona darasa zima. Raundi ya pili mara nyingi vidole vinahamia kwenye jibu sahihi na mimi sijafundisha neno.

MzeeChaki
Vijana nimewasoma wote, ongezeni moja. Mwanafunzi akijibu, muulize "umefikaje hapo?", na umuulize hata aliyepata. Ukimuuliza aliyekosa peke yake, wiki ya pili wameshajua kwamba swali hilo maana yake umekosa, wanabadilisha jibu kabla hujamaliza kuongea. Na aliyepata ukimchimba unaweza kukuta kabahatisha.

Takwimu_Tu
Shikamoo mzee, hiyo ya kuuliza hata aliyepata naanza nayo Jumatatu. Mwenye darasa la jioni, watu wazima wanaotoka kazini wamechoka na wengine wana vyeo, aje atupe maswali yake, mimi huko natupiwa darasa semista ijayo.